Chanzo na Udhibiti wa Cheche Zisizotakiwa katika Koili ya Tesla Iliyotengenezwa Nyumbani: Mazingira ya Chanji, Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini koili ya Tesla iliyotengenezwa nyumbani hurusha cheche mahali pasipotakiwa, na namna ya kutafuta chanzo cha kasoro hiyo kwa utaratibu. Mazingira yanayozingatiwa ni ya kata ya Chanji katika Manispaa ya Sumbawanga, mji ulio takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hoja kuu ni kwamba cheche isiyotakiwa ni dalili ya uwiano uliovunjika baina ya mianya ya hewa iliyomo katika kifaa. Katika mwinuko wa Ufipa uwiano huo huvunjwa kwa urahisi, kwa kuwa fundi hurekebisha mwanya mmoja tu na kuiacha mingine katika vipimo vya usawa wa bahari. Makala yanaonesha kwamba mahali cheche inapoanzia na inapotua hutosha, mara nyingi, kubainisha chanzo chake.

Maneno msingi: koili ya Tesla, cheche, uhami wa hewa, rezonansi, mwinuko, Chanji

1.0 Utangulizi

Koili ya Tesla ni transfoma isiyo na kiini cha chuma, iliyobuniwa na Nikola Tesla mwaka 1891. Hupandisha volteji hadi makumi au mamia ya maelfu ya volti kwa kutumia rezonansi, yaani hali ya saketi mbili kutetema kwa masafa yaleyale, hivyo nishati ya saketi moja ikahamia katika nyingine kidogo kidogo hadi ikajaa. Sehemu zake hupatikana kwa wingi katika mji wowote wa Tanzania: bomba la plastiki la maji taka, waya wa shaba wa kusukia mota, bomba laini la shaba na vyombo vya alumini. Kwa sababu hiyo, kifaa hiki huwavutia wanafunzi na mafundi wanaotaka kuonesha nguvu ya umeme kwa macho.

Maelekezo mengi ya kukitengeneza, hata hivyo, yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na mengi yametoka Marekani ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120 na hezi 60. Fundi wa Chanji anayeyafuata neno kwa neno hukutana na jambo lisiloelezwa humo. Cheche inayotarajiwa kutoka juu ya koili na kuingia hewani huruka badala yake kuelekea koili ya chini, hutambaa juu ya waya au hupasua kapasita. Waya huungua, plastiki hugeuka mkaa, na katika hali mbaya zaidi volteji ya transfoma hupata njia ya kumfikia mtu.

Lipo pia suala la tafsiri. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni wito wa kutupa uchawi, na radi katika eneo hili ina masimulizi mengi. Mwanga wa zambarau unaovuma ndani ya nyumba usiku unaweza kufasiriwa na majirani kwa namna nyingi. Fundi asiyeweza kueleza kwa nini cheche imeruka pale iliporuka hana jibu kwa jirani, na hana pia ulinzi wake mwenyewe. Makala haya yanajikita katika kutoa maelezo hayo.

2.0 Utendaji wa Koili na Vipimo vya Koili ya Mfano

Koili ya Tesla ya aina ya kawaida ina sehemu sita: transfoma ya volteji ya juu, kapasita, mwanya wa cheche, koili ya msingi yenye mizunguko michache ya kipitishi kinene, koili ya upili yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, na kofia ya chuma iliyo juu ya koili ya upili. Transfoma huijaza kapasita chaji. Volteji ikifikia kiwango ambacho hewa ya mwanya haiwezi kukizuia, cheche hupasuka hapo na kapasita humwaga nishati yake katika koili ya msingi. Nishati hiyo hutetema, huvuka kwa njia ya uga wa sumaku hadi koili ya upili, na hukusanyika katika kofia kama volteji kubwa sana.

Ili mjadala uwe na vipimo, makala yanatumia koili ya mfano iliyokokotolewa kwa kanuni za kawaida za usanifu. Koili yake ya upili imezungushwa juu ya bomba la milimita 110, ina mizunguko 1,000 ya waya wa milimita 0.4, na urefu wa msuko ni milimita 450. Induktansi yake ni takribani 24 mH na kapasitansi yake ya asili ni takribani 8 pF. Kofia yenye umbo la pete nono, kipenyo cha nje milimita 300 na unene wa milimita 75, huongeza takribani 13 pF. Kwa vipimo hivyo koili ya upili hutetema kwa masafa ya karibu 225 kHz. Bila kofia ingetetema kwa karibu 365 kHz. Kwa hiyo, kubadili kofia ni kubadili masafa, na koili ya msingi iliyopatanishwa na kofia moja haiwezi kuchukuliwa kuwa imepatana na nyingine.

Transfoma ya mfano ni ya taa za neoni za mabango, yenye 9 kV na milliampia 30, na kapasita ni ya 10 nF. Ikiwa mwanya wa cheche utapasuka kwa 11 kV, kapasita itakuwa na nishati ya takribani jouli 0.6. Kama nishati hiyo yote ingehamia juu bila kupotea, volteji ya kofia ingekuwa sawa na 11 kV mara kipeuo cha pili cha uwiano wa kapasitansi mbili, yaani karibu mara 22. Hiyo ni takribani 240 kV. Volteji halisi huwa pungufu kwa sababu nishati hupotea katika mwanya na katika nyaya, lakini kikomo hicho kinatosha kuonesha ukubwa wa mzigo ambao vihami vinapaswa kuubeba.

3.0 Hewa ya Ufipa kama Kihami

Kihami kikuu cha koili ya Tesla ni hewa. Mwaka 1889 Friedrich Paschen alionesha kwamba volteji inayoweza kupasua mwanya wa hewa hutegemea zao la shinikizo la hewa na upana wa mwanya huo. Hewa ikipungua msongamano, mwanya uleule hupasuka kwa volteji ndogo zaidi.

Katika mita 1,800 shinikizo la kawaida la hewa ni takribani hektopaskali 815, ikilinganishwa na 1,013 katika usawa wa bahari. Kwa joto la nyuzi 20, msongamano wa hewa ni karibu asilimia 80 ya ule wa usawa wa bahari. Asubuhi ya nyuzi 10 hewa baridi husongamana kidogo na kiwango hicho hupanda hadi asilimia 83. Uimara wa hewa katika uga ulio sawia, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa 3 kV kwa milimita, huwa basi karibu na 2.4 kV kwa milimita. Ili kuzuia volteji ileile, mwanya unapaswa kuongezwa kwa takribani robo ya upana wake.

Jambo hili si geni kwa wahandisi wa njia kuu za umeme. Viwango vya kimataifa hudai masahihisho ya uhami kwa vifaa vinavyofungwa juu ya mita 1,000, na njia ya kilovolti 400 inayopita Iringa, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni ya aina inayohitaji hesabu hiyo. Tesla mwenyewe alifanya majaribio yake makubwa kati ya Mei 1899 na Januari 1900 huko Colorado Springs, mji ulio karibu mita 1,840 juu ya usawa wa bahari. Hewa aliyoifanyia kazi ilikuwa nyepesi karibu sawa na ya Sumbawanga.

Hata hivyo, wembamba wa hewa peke yake hautoshi kueleza kasoro. Kama mianya yote ya kifaa ingedhoofika kwa kiwango kimoja, kifaa kingefanya kazi kwa volteji ndogo zaidi na uwiano wake ungebaki uleule. Tatizo huanza fundi anapoingilia kati. Mwanya wa cheche wa milimita 3 wenye ncha laini, ambao katika usawa wa bahari hupasuka kwa karibu 11 kV, hupasuka Chanji kwa karibu 9 kV. Nishati ya kapasita hushuka kutoka jouli 0.6 hadi 0.4, yaani theluthi moja hupotea. Fundi huona cheche ya kofia ni dhaifu kuliko ile iliyoelezwa katika maelekezo, naye huufungua mwanya hadi milimita 3.75 au zaidi. Hapo volteji iliyokusudiwa hurejea, lakini umbali kati ya koili mbili, kati ya nguzo za kapasita na kati ya waya na ardhi umebaki katika vipimo vya usawa wa bahari. Mwanya mmoja umesahihishwa na mingine yote imeachwa. Cheche hufuata njia iliyo dhaifu kuliko zote, na njia hiyo sasa haipo tena kwenye kofia.

Ikumbukwe pia kwamba kuanza kwa cheche na kuendelea kwake ni mambo mawili. Ili hewa ianze kupasuka, uga wa umeme unapaswa kufikia kiwango cha juu mahali fulani, hata kama mahali hapo ni padogo kama ncha ya waya. Utepe wa cheche ukishaanza huweza kusonga mbele katika uga mdogo zaidi, wastani wa karibu 0.5 kV kwa milimita katika usawa wa bahari na karibu 0.4 kV katika mwinuko wa Sumbawanga. Ndiyo maana ncha ndogo yenye makali huzaa cheche ndefu: ncha hutoa mwanzo, na uga uliopo tayari humalizia safari.

4.0 Kubaini Chanzo kwa Mahali pa Cheche

4.1 Cheche kutoka koili ya upili kwenda koili ya msingi

Hii ndiyo kasoro ya hatari kuliko zote, kwa kuwa huunganisha volteji ya kofia na saketi ya transfoma. Ikiwa cheche inatoka kwenye kofia na kuiangukia koili ya msingi, kofia ni ndogo mno, imewekwa chini mno au ina mkunjo wenye makali unaoelekea chini. Ikiwa inatoka katikati au chini ya koili ya upili, umbali kati ya koili mbili hautoshi au muungano wa sumaku baina yao ni mkubwa mno.

Tiba ya hali ya kwanza ni kuiweka juu ya koili ya msingi pete ya kinga: bomba la shaba lililozungushwa bila ncha zake kugusana, kisha likaunganishwa moja kwa moja na ardhi. Pete iliyofungwa kabisa haifai kwa kuwa ingegeuka kuwa mzunguko mfupi unaonyonya nishati. Tiba ya hali ya pili ni kuongeza umbali kwa robo ya kipimo cha maelekezo na kuipandisha koili ya upili kama inavyoelezwa katika sehemu ifuatayo.

4.2 Cheche zinazotambaa juu ya koili ya upili

Cheche ndogo zinazokimbia juu na chini ya msuko huwafanya wengi wafikiri kwamba vanishi ya waya ni mbovu. Hesabu inaonesha vinginevyo. Hata kama kofia ingefikia 240 kV, mgawanyo sawa juu ya mizunguko 1,000 ungeweka volti 240 tu kati ya mzunguko mmoja na unaofuata, mzigo ambao vanishi ya waya wa mota huubeba. Juu ya milimita 450 za msuko, wastani ungekuwa karibu 0.53 kV kwa milimita. Kiwango hicho hakitoshi kuanzisha cheche, lakini kinatosha kuiendeleza. Swali sahihi, basi, ni nini kilichoianzisha.

Mara nyingi jibu ni muungano wa sumaku uliozidi. Koili mbili zikikaribiana mno, nishati huvuka kwa haraka kuliko inavyopaswa na mtetemo mmoja hugawanyika kuwa miwili. Kwa koili ya mfano yenye kiwango cha muungano cha 0.2, masafa ya 225 kHz hugawanyika kuwa takribani 205 na 252 kHz. Volteji haipandi tena kwa ulaini kutoka chini hadi juu, bali hujikusanya katika baadhi ya sehemu za msuko na kuziacha nyingine. Chanzo cha pili ni saketi mbili kutopatana kwa masafa, jambo linaloleta matokeo yanayofanana na hayo. Chanzo cha tatu ni kasoro ya msuko wenyewe: waya uliopanda juu ya mwenzake, kiungo kilichochomoza au doa la uchafu.

Vyanzo hivi hutenganishwa kwa jaribio jepesi. Koili ya upili hupandishwa sentimita moja moja juu ya koili ya msingi bila kubadili kitu kingine. Cheche zikikoma, chanzo kilikuwa muungano. Zisipokoma, kiungo cha koili ya msingi huhamishwa nusu mzunguko kwa wakati, kwanza kuelekea nje na kisha kuelekea ndani. Zikiendelea kuonekana mahali palepale katika majaribio yote, kasoro ipo katika mahali hapo pa msuko.

4.3 Mng'ao na cheche katika ncha ya juu

Mng'ao hafifu wa zambarau unaozunguka mizunguko ya mwisho ya waya huonesha kwamba kofia haiifuniki ncha ya koili ipasavyo. Kazi ya kofia si kuongeza kapasitansi pekee. Umbo lake nono na laini husambaza uga wa umeme na kuukinga waya mwembamba ulio chini yake. Kofia iliyoinuliwa mno huuacha waya wazi, na kofia yenye mikunjo, skrubu zilizochomoza au mabati yaliyokatwa vibaya huanzisha cheche yenyewe. Kwa kuwa hewa ya Chanji hupasuka mapema, kofia inayotosha Dar es Salaam huweza kuwa nyembamba mno hapa. Unene wa pete ndio unaopaswa kuongezwa, na masafa kupatanishwa upya.

4.4 Cheche katika ncha ya chini na katika ardhi

Mkondo mkubwa kuliko wote wa koili ya upili hupita katika ncha yake ya chini. Waya wa ardhi ukiwa mrefu, mwembamba au umefungwa kwenye udongo mkavu, volteji ambayo ilipaswa kuwa karibu na sifuri hupanda, na cheche huruka kutoka chini ya msuko hadi koili ya msingi au meza. Udongo uliokauka wa miezi isiyo na mvua hupitisha umeme vibaya kuliko udongo wa masika. Kwa hiyo, koili iliyofanya kazi vizuri Machi huweza kuonesha kasoro hii Agosti bila kuguswa. Fimbo ndefu ya chuma iliyopigwa mahali penye unyevu, au fimbo kadhaa zilizounganishwa, huondoa tatizo. Waya wa ardhi wa nyumba hautumiki kwa kazi hii, kwa sababu zitakazotajwa katika sehemu ya 7.0.

Kasoro nyingine ya eneo hili imo ndani ya bomba. Baadhi ya mafundi hutoboa bomba na kuupitisha mwisho wa waya kwa ndani ili uonekane nadhifu. Waya huo hulazimika kupanda au kushuka sambamba na mizunguko yenye volteji tofauti kabisa, na cheche hupasua plastiki kutoka ndani. Bomba halipaswi kutobolewa wala kupitishiwa waya wowote.

4.5 Cheche katika kapasita na transfoma

Hapa ndipo tofauti ya hezi 50 na 60 inapojitokeza. Transfoma ya 9 kV na milliampia 30 hupatana na kapasita ya takribani 10.6 nF kwa umeme wa hezi 50, na 8.8 nF kwa hezi 60. Kapasita ya 10 nF katika koili ya mfano ipo karibu sana na upatanifu wa hezi 50. Mwanya wa cheche ukiwa mpana kiasi cha kutopasuka, volteji huendelea kupanda katika kila mzunguko wa umeme hadi kupita kilele cha kawaida cha transfoma, ambacho ni karibu 12.7 kV. Kinachofuata ni cheche kati ya nguzo za kapasita au kupasuka kwa uhami ulio ndani ya transfoma, na uharibifu huo hautengenezeki kwa urahisi.

Kinga ya kwanza ni mwanya wa usalama unaofungwa sambamba na transfoma. Mwanya huu hupangwa kapasita ikiwa haijaunganishwa. Hufungwa karibu, kisha hupanuliwa kidogo kidogo, umeme ukikatwa kila mara kabla ya kuugusa, hadi pale tu ambapo cheche haitokei tena. Kwa kuwa hupangwa kwa hewa iliyopo mahali penyewe, mwinuko hujisahihisha bila hesabu. Kinga ya pili ni kutumia kapasita kubwa kuliko ile inayopatana, kwa mfano takribani 16 nF, na kuipunguza induktansi ya koili ya msingi kutoka 50 hadi karibu mikrohenri 31 ili masafa ya 225 kHz yabaki yaleyale.

5.0 Unyevu, Masizi na Njia ya Kaboni

Mwinuko hauathiri uimara wa plastiki kavu, bali uso wake huathiriwa na mazingira. Kati ya Novemba na Aprili hewa ya Ufipa hubeba unyevu mwingi, na katika usiku wa baridi umande huweza kuganda juu ya bomba lililohifadhiwa kwenye chumba kisicho na joto. Tabaka hilo la maji lisiloonekana hupitisha umeme. Masizi ya jiko la mkaa linalotumika kuotea moto ni hatari zaidi, kwa kuwa ni kaboni na hayakauki.

Bomba linapaswa kukaushwa juani au karibu na chanzo kikavu cha joto, kupigwa vanishi ya mota ndani na nje kabla ya kusukwa, na msuko wenyewe kupigwa matabaka kadhaa ya vanishi hiyo. Vanishi isiyokauka vizuri ina vimiminika vinavyoshika moto, kwa hiyo koili haiwashwi kabla haijakauka kabisa.

Cheche ikishaichoma plastiki huacha mstari mweusi wa kaboni. Mstari huo ni kipitishi. Kuufunika kwa utepe au vanishi ni kuuficha tu, kwa maana cheche inayofuata itaupata chini ya kifuniko. Sehemu iliyoungua hukwanguliwa hadi plastiki safi ionekane au hukatwa kabisa. Aghalabu kasoro inayorudi baada ya matengenezo mazuri hutokana na mstari wa aina hii ulioachwa nyuma.

6.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Uchunguzi huanza koili ikiwa imezimwa. Umeme hukatwa kwa kuchomoa plagi, kapasita humwagwa chaji kwa fimbo yenye mpini mrefu wa kihami, na nguzo zake huunganishwa kwa waya kabla ya mkono kusogea. Kisha hufuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, uso wa msuko na bomba hukaguliwa kwa mwanga mkali ili kutafuta madoa meusi, vumbi na waya uliopandana. Pili, mwanya wa cheche hurudishwa katika upana mdogo na koili huwashwa kwa sekunde chache gizani. Mtazamaji hukaa mbali na kurekodi video kwa simu, kwa sababu cheche nyingi hupita haraka kuliko jicho linavyoweza kuzifuatilia. Tatu, mahali pa kuanzia na pa kutua pa kila cheche huandikwa katika daftari pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Nne, badiliko moja tu hufanywa na jaribio hurudiwa. Tano, mwanya wa cheche hupanuliwa hatua kwa hatua, na kila hatua mianya mingine hukaguliwa kabla ya kuendelea.

Hatua ya nne ndiyo inayokiukwa zaidi. Fundi anayepandisha koili, kubadili kofia na kufunga waya mpya wa ardhi kwa siku moja huenda akaiondoa cheche, lakini hatajua ni nini kilichoiondoa, na itakaporudi ataanza upya.

7.0 Usalama

Ipo dhana kwamba cheche ya koili ya Tesla haidhuru kwa kuwa masafa yake ni ya juu. Dhana hiyo ni ya kupotosha. Masafa ya juu hupunguza hisia ya mshtuko bila kuondoa uwezo wa kuunguza. Zaidi ya hayo, hewa iliyopasuliwa ni kipitishi. Cheche inayogusa koili ya msingi na mtu kwa wakati mmoja hufungua njia ambamo mkondo wa transfoma wa hezi 50 unaweza kumpitia mtu huyo, na huo unaweza kuua. Hii ndiyo sababu cheche ya aina ya 4.1 inapaswa kusimamisha kazi yote hadi itakapoondolewa. Kwa msingi huohuo, transfoma ya oveni ya maikrowevu haifai kwa anayejifunza. Volteji yake ni ndogo kuliko ya transfoma ya neoni, lakini mkondo wake ni mkubwa mara nyingi zaidi.

Ardhi ya koili hutenganishwa na ardhi ya nyumba. Mapigo ya masafa ya juu yakiingia katika nyaya za nyumba huweza kuharibu redio, televisheni, chaja na mita ya LUKU, pamoja na vifaa vya majirani walio kwenye laini hiyohiyo. Koili haiwashwi wakati wa dalili za radi, kwa kuwa fimbo yake ya ardhi na kofia yake huwa sehemu ya njia ambayo radi inaweza kuifuata. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo hakaribii. Dirisha huachwa wazi kwa sababu cheche huzalisha ozoni, na mtu wa pili huwapo daima karibu na swichi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba cheche isiyotakiwa katika koili ya Tesla inatokana na sababu inayoweza kutajwa: mwanya usiotosha, muungano uliozidi, masafa yasiyopatana, ncha yenye makali, ardhi dhaifu au uso uliochafuka. Mwinuko wa Ufipa hauongezi sababu mpya katika orodha hiyo, bali hupunguza nafasi ya makosa kwa karibu moja ya tano. Kosa ambalo katika usawa wa bahari lingesameheka huweza kuonekana Chanji kama moto.

Inapendekezwa kwamba walimu na mafundi wa nyanda za juu wanapotumia maelekezo kutoka kwingineko waanze kwa masahihisho mawili: kuongeza robo katika kila umbali wa hewa, na kukokotoa upya kapasita kwa hezi 50. Inapendekezwa pia kwamba mwanya wa cheche usipanuliwe kabla mianya mingine yote haijapimwa. Wanafunzi wakiwa na daftari la majaribio ya aina iliyoelezwa katika sehemu ya 6.0, hata koili iliyoshindwa huwa somo kamili la fizikia, na swali la jirani kuhusu mwanga ule wa zambarau hupata jibu linaloweza kupimwa.